Jiko Nimelitoa Kwenye Sanduku Lako

Nduku mwanangu,

Jiko nimelitoa kwenye sanduku lako. Usianze kulitafuta chini ya kitanda. Liko hapa mezani mbele yangu, na yale makaa uliyoyafunga kwenye gazeti kama mtu aliyeiba sukari nimeyarudisha kwenye gunia. Hii ni mara ya pili. Mchana nililitoa ukiona kwa macho yako, ukaitikia kama mtu aliyeelewa, halafu nilipoenda kukamua ng'ombe ukalirudisha na kulifunika kwa sketi. Mwalimu mzima, anayeenda kufundisha watoto wa watu, anamficha mama yake jiko.

Saa hii uko kanisani na baba yako, wanakuombea safari ya kesho. Mimi nimesema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nimebaki ili niandike, kwa sababu kuongea na wewe kumenishinda. Nikifungua mdomo tu unasema, "Mama, nimesikia," na mtu aliyesikia kweli hasemi hivyo huku akikunja nguo na kuimba.

Mambo mengine sitakuandikia. Habari ya mshahara, ya wanaume, ya kuamka mapema na kumheshimu mwalimu mkuu, hayo yote utaambiwa leo na kila atakayesimama kuomba. Wengine watamwambia Mungu huku wakikulenga wewe. Mimi nina neno moja tu, nalo ni hili jiko.

Hapana, ni mawili. Kabla hujatoka umemfokea shangazi yako Mumbua. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia. Ameingia chumbani kwako bila kubisha, akafungua dirisha kama kawaida yake, na wewe ukamwambia, "Anti, funga hiyo dirisha, kwani unataka tukufe na baridi?" Ukalifunga mwenyewe kwa kishindo. Akasimama hapo akikuangalia, halafu ulipogeuka akalifungua tena. Ukaniambia umechoka naye, kwamba ni miaka yote anafungua madirisha ya nyumba hii na hakuna anayemwambia kitu kwa sababu malaria ilimpanda kichwani. Hilo la malaria nitalirudia. Kwanza tumalize la jiko.

Najua ulivyopanga. Rafiki yako Kanini, aliyetangulia kufundisha kule Kinangop unakoenda mwaka jana, amekuandikia kwamba asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi, na kwamba walimu wanaingiza jiko chumbani jioni, wanafunga mlango, na kusahihisha madaftari ya watoto wakiota moto. Ulinisomea barua hiyo ukicheka. Nikakuambia jambo hilo ni baya. Ukanijibu nini? "Mama, si unangojea tu makaa ishike vizuri? Ikishakuwa nyekundu haina moshi. Sasa bila moshi itaniua na nini?"

Nikatoka nje nikawapigia kuku kelele. Kuku hawakuwa na makosa yoyote. Shida ni kwamba maneno hayo ni yangu. Niliyasema hivyo hivyo kabla hujaanza shule, na hakuna mtu aliyewahi kukufundisha. Umeyatoa wapi? Ni lazima uchukue pua yangu, na sauti yangu, na ujinga wangu pia?

Wewe umezaliwa hapa Kikima, ukungu umeuzoea. Mimi ni msichana wa Makindu. Kwetu tulipika nje, tukala nje, na wakati wa joto tulilala mlango wazi. Baridi nilikuwa naisikia tu kwa abiria walioshuka kwenye treni wamejifunga makoti, nasi tukawacheka. Baba yako alikuja kujenga duka la mtu pale Makindu, akaniona nikitoka kula chapati na dengu kwenye hekalu la Wahindi, na mambo mengine unayajua. Asichoniambia ni kwamba ananileta milimani mwezi wa saba. Nililia siku ya kwanza kwa sababu ya baridi ya miguu.

Susu yako, mama wa baba yako, Mungu amrehemu, alinikaribisha jikoni kwake. Unalikumbuka jiko lile la zamani, nyumba ya nyasi, kuni zinawaka katikati, moshi unatoka kila mahali kwenye paa. Akaniambia, "Keti hapa, mwana wakwa, utapata joto." Nilikaa kidogo, nikakohoa, macho yakatiririka, nikasema mimi siwezi. Nilikuja na vitambaa vya meza nilivyovifuma mwenyewe, vyeupe, na sikuwa tayari vinuke moshi. Nilijiona mtu wa maendeleo. Nikanunua jiko la bati pale sokoni, nikawa nawasha makaa nje, napepea, nangoja moshi uishe kabisa, halafu ndipo naingiza ndani. Wanawake wa jirani walikuwa wanakuja kuangalia. Nikawaambia, ikishakuwa nyekundu haina moshi.

Baba yako alikuwa amejenga nyumba hii hii unayoiacha kesho. Yeye ni fundi, unamjua, hafanyi kazi ya haraka. Juu ya kila dirisha aliacha matundu, na kati ya ukuta na mabati aliacha nafasi. Nilimwuliza hiyo nafasi ni ya panya au ya wezi. Akasema, "Nyumba lazima ipumue." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alipoenda kazini Machakos nilipanda juu ya meza na magunia na matambara, nikaziba kila tundu, na pale tambara lilipokataa kushika nikakandika udongo. Aliporudi aliangalia juu, akaangalia mimi, akanyamaza kwa sababu hapendi kelele. Mara moja tu maishani ningetaka huyo mtu apige kelele, ni siku hiyo.

Basi nikaanza kuumwa. Kichwa kinagonga, moyo unachafuka, magoti hayana nguvu. Na mtu wa Makindu akiumwa hivyo haulizi maswali, anajua ni malaria. Sisi tumelelewa na malaria. Kwamba huku juu mbu wenyewe ni wa kutafuta, hilo halikunisumbua. Nilimeza vidonge, nikachemsha mwarubaini nikanywa mpaka ulimi ukafa. Nikienda shambani, kabla jua halijapanda nimepona kabisa. Nikirudi ndani jioni na kujifungia na jiko langu, kichwa hicho. Nilimwambia Susu yako kwamba malaria ya huku ina akili, inajua saa zangu za kazi. Na kwa vile baba yako alikuwa analala Machakos wiki nzima na haumwi, nikasema damu yake ni chungu, mbu hawaitaki.

Unaona huo upuuzi? Mtu anapona kila akitoka nje, anaugua kila akiingia ndani, na bado anamlaumu mbu. Na kwetu malaria hutolewa kwa jasho. Mgonjwa anafunikwa, anafungiwa, anapashwa joto mpaka nguo zilowe. Kwa hivyo kadiri nilivyougua ndivyo nilivyoongeza makaa.

Sasa nakuja kwa shangazi yako.

Wakati huo Mumbua alikuwa msichana wa shule, anaishi na sisi ili anisaidie na wewe akiwa likizo. Huyo unayemtuma chumvi akarudi na kiberiti, huyo ndiye alikuwa anaongoza darasa lake. Alikuwa anasoma kitabu huku akikoroga uji, na uji hauungui. Baba yako alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kwamba dada yake ndiye atakuwa mwalimu wa kwanza katika boma letu. Wewe alikubeba mgongoni mpaka nikamwambia akuache utembee, utasahau miguu ni ya nini.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Uliamka ukilia kichwa, ukatapika uji. Nikasema, basi, malaria imeshaingia kwa mtoto. Nikawasha jiko nje, kubwa kuliko siku zote, nikapepea mpaka likawa jekundu bila hata uzi wa moshi, nikaliingiza chumbani. Nikakufunika. Nikamweka Mumbua kando yako, na nilipokuwa natoka kwenda dukani kutafuta vidonge vya watoto nikamwambia, "Usifungue huu mlango. Baridi ikiingia malaria itamrudia." Nikakunja gunia nikaliweka chini ya mlango kwa mkono wangu.

Pale dukani kulikuwa na watu. Nilisimama nikapiga hadithi kidogo, kwa sababu nje kichwa kilikuwa kimeniachilia na nilijisikia vizuri. Niliporudi nilikukuta barazani. Umekaa peke yako kwenye ukungu, blanketi imekuanguka mabegani, unalia kwa nguvu. Mtoto mgonjwa, nje, kwenye baridi. Nduku, nilikasirika. Nilikubeba nikaingia nikitafuta Mumbua nimchape, na nikamkanyaga. Alikuwa amelala kwenye kizingiti, kichwa na mikono nje, miguu ndani. Mkono mmoja bado ulikuwa umeshika pindo la blanketi yako.

Sasa sikiliza nilichofanya, kwa sababu hiki ndicho kimenifanya nibaki nyumbani leo. Yule msichana alikuwa ameshafika nje. Alikuwa amevunja amri yangu, akafungua mlango, akakusukuma wewe mbele, akajivuta mpaka pumzi yake ikafika kwenye hewa. Mimi nikamshika miguu nikamrudisha ndani. Nikamlaza kitandani, nikakulaza wewe kando yake, nikawafunika wote wawili, nikarudisha gunia chini ya mlango, nikapepea jiko. Nilidhani malaria imemwangusha. Nikapiga magoti nikaomba, na nilipotaka kusimama magoti yakakataa.

Aliyetuokoa ni Susu yako, na hakujua anatuokoa na nini. Alileta viazi vitamu, akaita mlangoni, hakuna anayejibu ila wewe uliyekuwa unanung'unika kama paka. Akausukuma mlango kwa bega. Joto likampiga usoni akasema, "Hii ni nyumba ama tanuru?" Akakutoa wewe, akarudi akanivuta mimi kwa nguo, kisha akapiga nduru mpaka wanaume waliokuwa wanachuma kahawa wakaja wakamtoa Mumbua. Mimi na wewe tulitapika hapo nje kwenye majani, baada ya muda tukawa watu. Mumbua hakufungua macho.

Walimbeba kwa kitanda mpaka barabarani, lori la kahawa likatuchukua hadi hospitali. Daktari alimwangalia, akaniuliza maswali mawili ya malaria, halafu akauliza, "Ndani ya hiyo nyumba kulikuwa na jiko?" Nikamwambia ndiyo, lakini halikuwa na moshi. Nilisema hivyo kwa kujivuna kidogo, Nduku, hata pale. Akavuta kiti akakaa. Akasema makaa yakiwaka mahali palipofungwa yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu, isiyo na rangi, isiyowasha macho, na hewa hiyo inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya ile nzuri. "Moshi ungewafukuza, mama," akasema. "Hiyo nyingine inakulaza tu."

Mumbua aliamka baada ya siku kadhaa. Alimjua kaka yake. Mimi alinijua, akaniuliza kama mtoto ametapika tena. Tukashangilia tukasema yamepita. Halafu akaniuliza tena, na tena, jioni yote. Shule ilipofunguliwa alirudi, na kabla muhula haujaisha mwalimu akamleta nyumbani kwa upole, akisema apumzike kidogo. Ni mapumziko hayo unayoyaona mpaka leo.

Na watu walipouliza, nilisema malaria ilimpanda kichwani. Ni ugonjwa ambao kila mtu anauelewa, haumlaumu mtu, na kanisani wanajua kuuombea. Nilisema kwa kina mama wenzangu wa maombi, nikasema kwa majirani, nikasema kwenu mlipokua mkauliza mbona anti yuko hivi. Baba yako alijua, maana daktari alimwambia pia. Alirudi nyumbani, akachukua mti mrefu, akatoa matambara yangu yote juu ya ukuta, moja moja, akayachoma nje. Hakuniambia neno. Mpaka leo hajaniambia, na mimi mpaka leo namwonea hasira kwa hilo.

Nimeandika haya nikiwa na aibu, lakini zaidi nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, kwa sababu ulipewa maisha yako na msichana aliyekuwa hawezi hata kusimama, na sasa unataka kuyapeleka Kinangop ukayafungie chumbani na jiko. Na huyo Kanini wako nimemkasirikia, mwambie hivyo, na umwambie sababu.

Tena najua utakavyonijibu. Utasema chumba cha mwalimu kina dirisha, utaliacha wazi kidogo. Na saa nane ya usiku baridi ikikuuma vidole vya miguu utalifunga, kama mimi nilivyoziba matundu. Utasema utayafunika makaa kwa majivu kabla ya kulala. Makaa chini ya majivu yanaendelea na kazi yake polepole. Utasema ni dakika chache tu mpaka chumba kishike joto. Mtu aliyechoka na kazi, amekaa kwenye joto, hajui dakika zimeenda wapi. Pika nje barazani, ingiza sufuria, jiko liache huko huko. Ukisikia baridi, chemsha maji utie kwenye chupa, uikumbatie kitandani kama mtoto. Vaa soksi mbili, vaa tatu, nani atakuona? Wakikucheka wacheke.

Na ukimtembelea mwenzako ukamkuta kichwa kinamgonga, anatapika, na jiko liko chumbani, usitafute kidonge. Mtoe nje kwanza. Hata kukiwa na ukungu, hata kukiwa na mvua, hata akikutukana. Hewa kwanza, hospitali baadaye, malaria muulizane mkiwa njiani. Na akishatoka nje, asirudishwe ndani na mtu yeyote anayempenda.

Nimesikia mbwa akibweka, nadhani mnapanda kutoka kanisani. Wacha nimalize.

Jiko nimelirudisha kwenye sanduku. Nimelifikiria hapa mezani muda wote huu, nikaona nikilikatalia utanunua lingine Kinangop, la kung'aa zaidi, na hilo halitakuwa na barua hii ndani yake. Nitaikunja niitie kwenye tumbo la jiko, pale makaa hukaa. Huwezi kuwasha bila kuitoa. Chini yake nimekuwekea blanketi ile nzito ya kijivu yenye pindo lililochanika. Usilishone. Sasa unajua ni nani aliyekuwa amelishika.

Kama wewe ni mtoto wangu hutangoja Kinangop. Utafungua sanduku leo hii ukifika tu, kuangalia kama nimelitoa tena.

Basi kesho asubuhi, kabla hujatoka, Mumbua ataingia chumbani kwako bila kubisha. Hatakusalimu. Ataenda moja kwa moja kwenye dirisha alifungue, na ukimwuliza kwa nini, hatajua. Nimemwuliza miaka yote hii, hajui. Liache wazi. Baridi iingie. Mshike mkono, umwambie asante. Atakuuliza asante ya nini. Mwambie, na akisahau akuulize tena, mwambie tena.

Mama yako.